Uwanja Ulio Kwenye Ramani

Kila jioni watoto wa mtaa ule walicheza barabarani. Walichora mistari kwa chaki, wakaruka kamba. Gari likija, mmoja alipiga kelele, "Njiaaa!" Wote walikimbilia pembeni, kisha wakarudi.

Mama Pacha aliwasikia akiwa kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa sare za shule, na chumba chake cha kushonea kilitazama barabara. Mabinti zake wawili, mapacha wa miaka tisa, walikuwa kwenye kundi hilo. Masikio yake yalikuwa yameizoea ile "Njiaaa!"

Siku moja hakuisikia. Alisikia breki, halafu kilio.

Pikipiki ilikuwa imemgonga pacha mkubwa. Mkono ulivunjika. Hospitalini waliufunga plasta, wakasema utapona, ila ilikuwa bahati.

Baba Pacha, mwoka mikate, alirudi nyumbani mbio, unga ungali kwenye nyusi.

"Kuanzia leo hakuna kutoka nje!" alisema.

"Mpaka lini, baba?" aliuliza pacha mdogo.

Baba akaenda kufunga mlango kwa komeo.

Mwisho wa mtaa kulikuwa na kiwanja kikubwa, lakini hakuna aliyecheza pale. Kilijaa takataka na vifusi, na katikati dimbwi la maji machafu. Mama Pacha alishika kalamu, akaiandikia manispaa: "Tunaomba msaada wa uwanja wa watoto." Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mistari miwili tu. Hakuna fedha zilizotengwa.

"Si nilikwambia?" alisema Baba Pacha. "Umepoteza karatasi bure."

Mama Pacha alikwenda na barua kwa jirani yake, Bi Ramani. Mama huyu alifanya kazi ofisi ya ardhi miaka thelathini kabla ya kustaafu. Watu walimtania kwamba anaweza kusahau jina la mkwewe, lakini si namba ya kiwanja.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Hajambo. Ila barua hii imenikata maini."

Bi Ramani alivaa miwani, akasoma. Akacheka kidogo.

"Hawajakukatalia. Umechelewa tu. Mzazi akija kwako kuagiza sare siku shule inafunguliwa, unamwambiaje?"

"Namwambia vitambaa vimekwisha."

"Haya. Na wao wana msimu wao. Bajeti hupangwa mara moja kwa mwaka. Kabla ya hapo huitwa mkutano wa wananchi, kila mtaa useme unataka nini kwanza. Wewe umeandika barua bajeti ikiwa imeshapitishwa."

"Kumbe! Lakini Bi, nani atatupa pesa sisi?"

"Nani awape? Pesa ni zenu. Kodi ya cherehani yako imo. Ushuru wa mikate ya mumeo umo. Usiandike 'tunaomba msaada.' Andika 'tunapendekeza.'"

Mama Pacha aliinama, akacheka mwenyewe.

"Sasa niambie," Bi Ramani aliendelea. "Kile kiwanja ni cha nani?"

"Si cha mtu."

"Ukisema hivyo, kesho utakuta mtu amejenga. Ni cha umma. Kwenye ramani kimeandikwa 'eneo la mapumziko' tangu hujazaliwa. Nenda ofisi ya ardhi ukaombe nakala. Kusanyeni saini. Halafu semeni nani atakitunza, maana bustani isiyo na mtunzaji hurudi kuwa jalala."

Mama Pacha alipata nakala. Akapita nyumba kwa nyumba na daftari. Baba Pacha mwanzoni alinuna, lakini siku ya tatu alilichukua daftari, akaenda nalo kazini. Alirudi na saini arobaini. "Anayesubiri mkate uive hana haraka," alisema.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mama Pacha alisimama. Alisoma pendekezo lake la uwanja wenye bembea, akakaa. Papo hapo mwenye duka la vifaa vya ujenzi akanyanyuka.

"Bembea za nini?" alisema kwa hasira. "Mvua ikinyesha, maji yanaingia dukani kwangu. Mtaro kwanza!"

Watu wengi walipiga makofi. Mama Pacha aliona ukumbi unamponyoka. Akatazama ramani iliyokuwa mapajani. Alama ya mtaro ilipita kandokando ya kiwanja kilekile. Akasimama tena bila kuitwa.

"Kaka, maji yako yanatuama wapi?"

"Pale kwenye lile jalala. Mtaro umezibwa na vifusi."

"Basi shida yetu ni moja! Vifusi vikiondolewa, mtaro unafunguka na watoto wanapata uwanja. Kwa nini tugombane? Tuandike pendekezo moja."

Mwenye duka alikuna kichwa. "Hilo sikuliona," alisema. Akaomba kalamu, akatia saini.

Pendekezo lilikubaliwa, ingawa si lote. Mwaka wa kwanza zilitengwa fedha za kuondoa vifusi, kuzibua mtaro, kuweka uzio na kupanda miti. Bembea ziliahidiwa mwaka uliofuata. Mama Pacha hakukaa kusubiri ahadi. Kila mwezi alikwenda ofisini kuuliza kazi imefika wapi, mpaka karani akawa akimwona tu anavuta faili. Wakazi waliunda kamati ya utunzaji, na mwenye duka akawa mwenyekiti.

Bembea zilifika kweli. Sasa jioni barabara ni ya magari. Watoto wako ndani ya uzio, wazee wanatembea kunyoosha miguu, na mvua ikinyesha duka la vifaa halifungwi.

Wiki iliyopita wanawake wawili wa mtaa wa pili walibisha hodi kwenye chumba cha kushonea.

"Fundi, tumeona uwanja wenu. Na sisi tunataka. Tuanzie wapi?"

Mama Pacha alisimamisha cherehani, akawavutia viti.

"Kaeni," alisema. "Kwanza niambieni, hicho kiwanja chenu ni cha nani?"