Vyumba vya Nyamweya Visivyo na Madirisha

Ndugu zangu wa Keroka, ninyi mnaojenga nyumba za kupangisha, sikilizeni yaliyomfika Nyamweya mwaka 1973.

Nyamweya aliuza nguo sokoni. Yeye, mkewe Persis na binti yao Mokeira walikunywa chai pamoja kila asubuhi, wakicheka. Kisha tamaa ikabisha hodi.

Alianza kujenga vyumba nyuma ya duka. Fundi Onsongo akamshauri, "Mzee, kila chumba kipate dirisha, na dari chini ya mabati. Baridi ya hapa si mchezo."

"Nikiacha nafasi ya madirisha nitapata vyumba saba. Mimi nataka kumi. Baridi ni ya mpangaji."

Kumi vikasimama, vimebanana. Jua likiwaka, mabati yaliwachoma watu. Mvua ikinyesha, walitetemeka, wakafunga mlango na kuota makaa. Kila nyumba ilikohoa. Walipolalamika, Nyamweya aliwaambia, "Asiyetaka ahame."

Mokeira aliolewa, akajifungua, na baba akampa yeye na mumewe chumba cha mwisho. Mnajua wenyewe: shimo ulilolichimba halichagui wa kuingia.

Alasiri moja ya Julai mvua ya mawe ilipiga. Mumewe alikuwa kazini; Mokeira akawasha jiko la makaa, akafunga mlango. Jirani yake Asli, mwenye duka la viungo, alisikia mtoto akilia kwa sauti dhaifu, wala hakuna wa kumbembeleza.

"Mokeira! Fungua!"

Asli akausukuma mlango kwa bega hadi komeo likang'oka. Mokeira alikuwa sakafuni, hajitambui kwa sumu ya hewa ya makaa. Asli akamtoa mtoto nje, akarudi kumburuta mama. Mawe ya mvua yakiwapiga wote, Mokeira akavuta pumzi, akakohoa, akafumbua macho.

Nyamweya akaja mbio. "Nani amemfanyia mwanangu hivi?"

"Ni kuta zako, Baba Mokeira," Asli akamjibu. "Sisi tumekuwa tukikuambia."

Nyamweya alimbeba mjukuu wake akilia waziwazi mbele ya wapangaji. Wiki ile ile Onsongo alibomoa vyumba vitatu ili hewa ipite, akatoboa madirisha, akaweka dari za mbao na kujenga jiko la pamoja nje. Joto likabaki ndani, kikohozi kikapungua, na makaa yakatumika kupikia tu.

FUNZO: Nyumba isiyopumua humnyima pumzi anayeishi ndani yake. Ewe unayejenga, jenga kila chumba kana kwamba mwanao ndiye atakayelala humo. Na fundi akikushauri, msikilize kabla ukuta haujasimama.