Kengele ya Tangi

Saa kumi jioni kengele ya tangi, ile ya kuonya kwamba maji yamejaa, ililia, na tangi halikuwa na hata tone la maji. Ililia mara tatu, moja ndefu, mbili fupi. Léa akaacha nguo kwenye beseni. Hivyo ndivyo baba yake, Séverin, alivyopiga honi ya pikipiki getini kila jioni, kisha akaingia akiuliza, "Léa, mama yako iko wapi?" Séverin alikuwa kaburini mwezi wa pili sasa.

Baada ya matanga, ndugu zake walikuja kugawana vitu vyake, maana kitu cha marehemu kikibaki nyumbani, naye hubaki. Walibeba viatu, redio, hata mswaki, jamani. Wakaisahau saketi ndogo ya kuendesha pampu ya tangi na kengele, ambayo baba aliitengeneza kwa mikono yake, kwa kuwa ilifungwa ukutani na kila mtu aliiona kama sehemu ya nyumba.

Tangu siku hiyo kengele ililia kila saa kumi. Harufu ya risasi ya kuchomelea nyaya, ile ya mashati ya baba, ikajaa sebuleni. Mama yake Léa, Régine, akaacha kula. Alikaa chini ya saketi kutwa, amekonda, akinong'ona na ukuta. Léa, aliyesomea umeme chuoni Kasapa, aliona wazi kwamba akichelewa atamzika na mama.

"Mama, nitaifuta programme yote," alinong'ona. "Puce inabakia palepale ku carte."

"Itamuumiza?"

Léa akafungua kompyuta.

Baba ndiye aliyemfundisha. Chipu, hiyo puce yenye programu, haing'olewi kwenye saketi, unaiunganisha na kompyuta ikiwa mahali pake. Lakini kwanza ukate kila kingine kilichoshikana nayo, maana kinachopita kwenye chipu hufika kote. Léa akakata pampu. Akakata kengele. Soketi ya kuunganishia kompyuta ilikuwa imevunjika, ikabidi mtu ashikilie nyaya kwenye chipu kwa vidole.

"Mi njo nakamata," mama alisema, akizishika nyaya. "Mi njo muke yake."

Léa akabonyeza kitufe cha kufuta, na taa ya saketi ikaanza kupepesa, na ile kengele, ambayo nyaya zake zilining'inia bila kugusa kitu, ikalia ndefu, fupi, fupi, ikarudia, ikarudia upesi zaidi, kama mtu aliyefungiwa nje anayegonga mlango wake mwenyewe, na harufu ikazidi mpaka macho yakawasha, na Léa akawa analia, "Unisamehe, papa, unisamehe," huku mama akikaza vidole, hatetemeki, haachii.

Kisha kimya. Kompyuta ikaandika kwamba chipu ni tupu.

Usiku ule mama alikula ugali wake wa bukari na mboga ya sombe, akamaliza sahani. Léa alilia kwa furaha, na kwa uchungu wa baba pia, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza.

Kesho yake saa kumi ilifika, kengele haikulia. Léa akashusha pumzi, akaanza kuanua nguo. Ndipo harufu ya risasi ikamfikia kutoka mlangoni.

Mama alikuwa amesimama pale akijifuta vidole kwenye gauni, kama fundi aliyemaliza kazi. Jana vidole vile vilikuwa vimeshikana na chipu, na Léa alikata pampu na kengele tu.

Mama akapiga mluzi, mmoja mrefu, miwili mifupi. Maisha yake yote hakuwahi kujua kupiga mluzi.

"Léa," akasema, kwa upole uleule wa kila jioni, "mama yako iko wapi?"