Lango Limejaa

Stesheni ya Namba, jijini Osaka, saa za kwenda kazini haina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukiinama kuokota kitu umekwisha. Ndiyo maana Kozue Hatanaka alipenda kupitia kwanza kibanda cha tambi kilicho karibu na ngazi, ambapo wateja hula wima, bega kwa bega, na hakuna anayemjali mwenzake. Asubuhi hiyo alivaa koti la kijivu na skafu ya manjano, barakoa ameishusha kidevuni, maana ulikuwa msimu wa chavua na Osaka nzima ilikuwa ikipiga chafya.

Ndani ya mkoba wake kimashine cha gemu kikawaka taa ya kijani.

Taa hiyo ikiwaka ujue mtu mwenye kimashine kama chako amepita karibu, na vimashine vyenu vimepeana salamu bila ninyi kuambiwa. Kila mtu ana kibonzo chake humo, na kila kibonzo kina sentensi moja fupi ya kusema. Kwa wiki kadhaa Kozue alikuwa akipokea kibonzo kilekile, kibwana chenye kofia ya samaki, kikimuuliza: "Meno yako salama?" Akatazama kulia na kushoto. Mtu mmoja tu alikuwa ameingiza mkono mfukoni kuchungulia kitu, mwanamume mrefu wa koti la buluu, pindo za mikono zimejaa unga mweupe.

"Samahani, kaka," Kozue akasema. "Ni wewe wa kofia ya samaki?"

Mwanamume akapaliwa na tambi. Alipopata pumzi akamtazama juu hadi chini. "Basi wewe ndiye 'Nimechelewa tena'. Dada, kila siku unachelewa, hawajakufukuza tu?"

"Hawathubutu. Hicho ulichokishika nimekitengeneza mimi."

"Na hayo meno unayotafunia nimeyatengeneza mimi," akajibu yule bwana, na hapo ndipo walipocheka wote wawili, watu wazima waliovuka miaka thelathini, huku foleni nyuma yao ikinung'unika.

Jina lake Teppei, fundi wa meno ya bandia, na unga ule ulikuwa plasta ya kazini, ya kufinyangia meno. Tambi zilipoisha walikuwa wameshapeana namba za simu. Kufikia kiangazi walikuwa wapenzi, wa kupigiana simu mpaka sikio linapata moto.

Lakini salamu za njiani hawakuziacha. Kozue alikuwa akielekea kaskazini, Teppei kusini, na kila asubuhi walipishana kwenye ujia uleule wa chini ya ardhi, wakagusana mabega na kuendelea, kwa kuwa umati haukuruhusu zaidi ya hapo. Teppei alikuwa mtu wa mizaha mdomoni. Mambo ya kweli yalimshinda kuyasema. Aliyaandika kwenye kimashine. "Nilikuota." "Jana nilikukosea." Neno "nakupenda" Kozue alilipata kwa kibonzo cha kofia ya samaki, akiwa amebanwa ndani ya treni kati ya wazee wawili, na alilia pale pale bila haya.

Mwaka uliofuata, msimu wa chavua uliporudi, kampuni ya Kozue ilikuwa inaamua hatima ya vimashine. Wakurugenzi walitaka kijacho kiwe kioo kitupu, chepesi, gemu zote zitoke mbali kwa mtandao, na salamu za njiani zife. Nani siku hizi anajali mpita njia, walisema, watu wana simu. Kozue ndiye aliyepewa kuzitetea. Alikesha akiandaa hoja, akala mikate mikavu mezani, akamjibu Teppei kwa meseji mbili tatu kwamba yuko bize, avumilie. Asubuhi walipishana kama kawaida, ila yeye alipita macho yakiwa kwenye karatasi. Kimashine kilikuwa mkobani. Wiki nzima hakukifungua.

Siku ya mkutano, muda mfupi kabla ya kuingia, simu ikaita. Alikuwa Teppei, na nyuma yake zilisikika kelele za stesheni.

"Nimeelewa, Kozue," akasema. Hakuwa na mzaha hata chembe. "Wiki nzima jibu lako ni lilelile."

Kozue akadhani anazungumzia zile meseji. "Nilikuomba uvumilie, mpenzi wangu. Leo jioni haya mambo yanaisha."

"Mjomba anataka karakana yake ya meno, kule mbali Kagoshima, ipate mtu. Nilimwambia anipe wiki moja, nikuulize kwanza. Sasa nimeshauliza. Napanda treni ya mchana."

"Unapanda kwenda wapi? Teppei, umeniuliza nini?"

"Usinione mtoto. Namba yako naifunga, nisije nikalewa nikakupigia kukusumbua. Kula vizuri, basi." Simu ikakatika.

Kozue alipiga tena na tena. Kila mara iliita mara moja na kufa. Mwenzake Igarashi akatoa kichwa mlangoni akamwambia wazee wameshakaa. Akaingia, akasimama mbele ya meza ndefu na kuanza kusema hoja zake kwa sauti ambayo hakuitambua.

Sehemu ya mwisho ilikuwa kuonyesha. Aliunganisha kimashine chake na kioo kikubwa cha ukutani, akakifungua. Lango la kupokelea salamu likatokea, na mbele yake vibonzo kumi vimesimama kwa msongamano, watu asiowajua, abiria wa Namba. Chini yao maneno mekundu: lango limejaa.

Mzee Fukumoto, mkuu wa wakurugenzi, akanyoosha kalamu. "Hiyo maana yake nini?"

"Lango linachukua watu kumi, mzee," Kozue akaeleza. "Wakitimia, mpaka mwenye nacho akifungue na kuwapokea. Asipofungua, kimashine kinaendelea kutoa salamu zake kwa wanaopita, ila chenyewe hakipokei tena. Ni kuokoa betri. Utaratibu huo niliuweka mi..."

Alikuwa ameona yote kwa mpigo. Teppei hakuwa akizungumzia meseji. Alikuwa ameweka swali kwenye kibonzo chake na kulibeba kila asubuhi, bega kwa bega, na kila asubuhi lilikuta lango limejaa. Teppei naye kila asubuhi alipokea kutoka kwa Kozue salamu ileile ya wiki iliyopita, "Habari za asubuhi, bwana meno", na akajua, kama ambavyo mtu yeyote wa mjini hapa angejua, kwamba anayerudia maneno yaleyale baada ya kuulizwa anakataa kwa upole. Kuuliza mara ya pili kungekuwa kumwaibisha.

"Naomba radhi," Kozue akasema. Akachomoa waya, akainama mbele ya wazee na kutoka. Nyuma yake alimsikia Igarashi akimwita kwa jina.

Ndani ya treni ya chini ya ardhi aliwapokea wale watu kumi mmoja baada ya mwingine bila kuwasoma, kisha akafuta salamu yake. Nafasi ilikuwa ya maneno machache. Akaandika: "Lango lilijaa. Ndiyo." Hakujua anajibu nini. Alijua tu kwamba hawezi kuvumilia kuwa mtu aliyesema hapana.

Katika stesheni ya Shin-Osaka, zinakopandwa treni za mbali, alinunua tikiti ya kuingilia jukwaani, akapanda ngazi mbio, skafu imeanguka huko nyuma na hakurudi kuiokota. Treni ya Kagoshima ilikuwa imesimama, milango inafungwa. Kila dirisha lilikuwa na uso wenye barakoa. Wote walifanana, na hakuna aliyekuwa anatazama nje. Kozue alitembea kando ya treni amekishika kimashine kifuani kama mtu aliyebeba mayai, akiomba vioo vile viwe vyembamba. Behewa la kwanza, taa ya kimashine haikuwaka. La pili, giza. Mlinzi wa jukwaa akampulizia filimbi arudi nyuma ya mstari. Treni ikaanza kuteleza, naye akakimbia, mwanamke mtu mzima mwenye viatu vya ofisi, analia waziwazi mbele ya watu, jambo ambalo kwao halifanyiki.

Taa ikawaka kijani. Kisha behewa la mwisho likapita na jukwaa likabaki tupu.

Simu yake ikaita papo hapo. Alikuwa Igarashi. Akamwambia, kwa sauti ya mtu aliye msibani, kwamba wazee wamepitisha. Kijacho ni kioo kitupu, salamu hazimo. Angebaki pengine ingekuwa vingine. Kozue akamshukuru na kukata. Kazi ya miaka yake yote ilikuwa imekwenda, na hakuwa na hata machozi ya kuigawia.

Akakaa kwenye benchi. Langoni alisimama kibonzo kimoja, kofia ya samaki kichwani, kinasubiri kupokewa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe wakati wazo baya lilipomwingia. Vipi kama Teppei alichoka kweli? Vipi kama swali lenyewe lilikuwa, tuachane? Basi amemkimbilia hadi jukwaani, akalia mbele ya watu, ili kumjibu ndiyo. Akaondoa kidole. Hakuweza kufungua na hakuweza kuondoka. Treni nyingine zilikuja zikaenda, naye amekaa palepale na kimashine mapajani.

Simu ikaita.

"Niko Kobe," ilikuwa sauti ya Teppei, anahema. "Nimeshuka. Begi moja limeenda na treni. Kozue, umesema ndiyo."

"Nimesema."

"Swali umelisoma?"

"Liko langoni. Naogopa kulifungua."

"Sasa wewe mama, mtu anajibu ndiyo kwa swali asilolijua?"

"Teppei, usinitanie, nitakufa hapa. Ulikuwa unaniacha?"

"Ningekuacha ningehangaika kukupita asubuhi zote hizo? Wiki nzima bega langu linaugua." Sauti ikamkatika, alikuwa analia naye. "Fungua, basi. Limeandikwa humo."

"Sifungui. Vya kuandika vimetuponza. Niulize kwa mdomo."

"Mdomo wangu unaujua."

"Jaribu tu, baba. Nakusikiliza."

Akasikia tangazo la stesheni upande wa pili, akamsikia akimeza mate, akikohoa, akianza na kuacha. Alimngoja. Mwishowe Teppei akasema, polepole na vibaya, kama mtu anayejifunza kusema: "Nibaki? Tuoane?"

Kozue akasema ndiyo, mara ya pili siku hiyo, na safari hii alijua anajibu nini.