Chungu cha Utepe Mwekundu

Isihaka alikigonga chungu mara mbili, nacho kikalia mara tatu.

Alibaki na kidole kimekunjwa hewani, asubuhi ile ya Julai, ukungu wa Mbeya umejaa dirishani. Akajiambia ni panya. Panya gani wa kubisha hodi, hilo hakujiuliza. Mwanamume akipenda kitu, akili yake huivulia mlangoni pamoja na viatu.

Wenzake waliuza kanga ili waezeke nyumba kwa mabati. Isihaka aliuza kanga ili apande basi kwenda kwenye maonyesho. Yakitangazwa maonyesho ya kazi za mikono, yawe Tukuyu, Njombe au Iringa, yeye yupo, kofia safi, miwani puani, anazunguka meza baada ya meza, anakunja kidole na kugonga. Chungu kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hukohoa. Alivyovinunua alivipanga chumba cha mbele kwenye rafu tatu, vitupu, vimefutwa vumbi, na chini ya kila kimoja kikaratasi chenye mahali kilipotoka, mwaka, na jina la Isihaka kwa herufi kubwa. Jina la mfinyanzi halikupata nafasi. Na kila asubuhi, kabla ya chai, alivigonga vyote, asikie kama baridi haijavitia ufa.

"Nyumba ina vyungu thelathini," mkewe Mwanakhamisi alikuwa akisema, "na mimi naazima cha kuchemshia maharage kwa jirani."

"Hivyo si vya kupikia, Mama Waridi. Ni vya kutazamwa."

"Haya. Mchana wa leo tutatazama chakula."

Hicho kilicholia mara tatu alikipata Iringa, kwenye maonyesho ya mwaka 1956. Chekundu, shingo fupi, kimezungushiwa mistari myeupe, na shingoni utepe mwekundu wa zawadi ya kwanza. Aliyekifinyanga alikuwa mama mmoja wa kando ya Ziwa Nyasa, jina lake Esta. Alimwona Isihaka akikunja kidole.

"Umeshagonga, baba, inatosha," alimwambia. "Mnunuzi hugonga mara moja, sokoni. Ukifika nyumbani kipikie siku hiyo hiyo. Na kikiwa kitupu usikigonge tena."

"Kwa nini?"

"Mtu akibisha hodi kwenye nyumba tupu, anamwita nani?"

Isihaka alicheka hadi akavua miwani aipanguse. "Chungu cha zawadi ya kwanza nikipikie maharage?"

"Basi kitajipikia," akasema Esta, naye hakucheka.

Kwa miezi kumi na mmoja alikigonga kila kulipokucha. Sasa kilikuwa kimeitika.

Ilianza harufu. Maharage yanaungua, saa nne asubuhi, na jikoni moto haujawashwa. Kisha sauti ya mwiko unaokwangua ukoko, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka. Mwanakhamisi alikuja na ndoo mkononi, akasimama kizingitini.

"Nani yuko humo?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu ndiye anayekwangua?"

Isihaka akashika kitambaa. Alijifanya anafuta vumbi.

Kisha ikamfikia mtoto. Waridi alikuwa na miaka saba, na tumbo la kupenda kula. Siku moja alimaliza sahani, mafuta bado yanang'aa midomoni, akamtazama mama yake. "Mama, sijala." Mwanakhamisi akadhani ni utani, akampakulia tena. Akala. "Sijala." Baada ya wiki mbili shingo yake ilikuwa nyembamba kama mpini wa mwiko. Hospitalini wakampima, wakasema hana minyoo wala homa, apewe chakula. Chakula! Na akiwa ameketi kimya, bila kutazama, Waridi alikunja kidole akagonga meza. Mara tatu.

Ijumaa moja Isihaka alirudi msikitini mapema, akapita chumba cha mbele kuweka kofia. Uani alimsikia mkewe akimlisha mtoto. "Meza, mwanangu. Haya, meza." Na ndani ya chungu kitu kikadondoka, dubwi. "Meza tena." Dubwi. Akasimama pale pale, kofia mkononi, akasikia mkewe akibembeleza na mtoto akimeza na chungu kikipokea, bembeleza, meza, pokea, hata jasho likamtoka katika baridi ile, hata miguu ikampeleka yenyewe hadi kwenye rafu, na mikono ikakishika chungu kikiwa na joto kama tumbo la mtu aliyelala, ikakiinamisha, na juu ya sakafu iliyofagiwa asubuhi ukamwagika ugali uliotafunwa, na samaki aliyetafunwa, vinatoa mvuke, na katikati yake jino moja dogo, jeupe, la mtoto.

Huko nje Waridi akalia. "Mama, jino langu limeng'oka. Silioni."

Maalimu Matano alikuja alasiri ile ile, mzee wa Tanga, mchache wa maneno. Hakukigusa chungu. Alikaa mbali nacho, akanong'ona kana kwamba kuna mgonjwa amelala.

"Huyu aliyemo chunguni amebishiwa hodi kila siku, akaitika. Kosa si lake."

"La nani?" Mwanakhamisi akauliza, ingawa macho yake yalishamjibu kwa kumtazama mumewe.

"Kesho kileteni uani. Kijazwe uji, mtoto anywe humo, kisha kivunjwe kikiwa bado kina uji. Kisiachwe kitupu hata kidogo."

"Kwa nini, Maalimu?"

"Aliyekosa nyumba hutafuta nyingine."

Hapo ndipo mngemwona Isihaka ni mtu wa namna gani. Kwenye mfuko wa koti alikuwa na barua ya Iringa: kwenye maonyesho ya mwaka huu wangependa chungu chake kikae meza ya katikati, na jina lake mbele. Na kwenye rafu ya chini alikuwa na ndugu wa chungu hicho, mkono ule ule wa Esta, udongo ule ule, kisicho na zawadi. Kwa Mwanakhamisi chungu ni chungu. Alichokijua ni utepe. Alfajiri Isihaka aliufungua utepe shingoni mwa chungu cha zawadi akaufunga kwenye ndugu yake. 

Uani Waridi alikunywa uji katika chungu chenye utepe, Mwanakhamisi akakivunja kwa mchi, uji ukaruka hadi ukutani, na tangu Idi hakuwahi kufurahi vile. Saa moja baadaye Isihaka alikuwa kwenye basi, amekipakata chungu halisi ndani ya blanketi. Kitaondoka nyumbani, alijiambia, si ni yale yale? Kutwa nzima kilimpasha joto tumboni. Basi liliposimama Ipogolo, mlangoni mwa Iringa, kikapoa ghafla kama jiwe.

Meza ya katikati, kitambaa cheupe, jina lake. Watu walipita wakisifu. Mtu mmoja tu hakusifu. Esta aliinama, akachungulia mdomoni mwa chungu, wala hakugonga.

"Hiki ni kitupu."

"Vyote ni vitupu, mama. Haya ni maonyesho."

"Sisemi hivyo." Akashusha sauti. "Kilikuwa na mtu. Ametoka." Akamtazama Isihaka, kisha akalitazama tumbo lake. "Njiani nani alikipakata?"

Isihaka alitaka kucheka. Asubuhi ile alikuwa amekula sahani mbili za wali hotelini, na bado njaa ilikuwa ikimkwangua, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Aliporudi Mbeya, Waridi alimkimbilia mlangoni, mashavu yamerudi, pengo la jino linacheka. Wakaketi jikoni wote watatu kando ya moto.

"Umekonda, Baba Waridi. Iringa hawapiki?"

Akala sahani ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Bado sijala," akasema.

"Sahani tatu hizo! Utakula na sufuria?" Mwanakhamisi akacheka, akaigeukia sufuria kumkwangulia kilichobaki, naye Isihaka akajaza mdomo tonge la mwisho.

Ndipo pakagongwa. Mara tatu, juu ya kitu kitupu, karibu sana. Isihaka akajishika kifua, na chini ya kiganja, upande wa ndani wa mbavu zake, kidole kilichokunjwa kikagonga tena. Alitaka kumwambia mkewe asiitike, anyamaze, lakini mdomo ulikuwa umejaa ugali, na ugali haukushuka.

Mwanakhamisi alikuwa amempa mgongo, mwiko mkononi. Akaitika kama anavyoitika mtu yeyote mwenye adabu akisikia hodi.

"Karibu! Pita ndani."

Waridi, aliyeujua mlio ule, akalirudisha tonge lake sahanini.