Mwizi wa Joto la Bibi

Zuwena amefinya jicho moja. Jicho la pili linapekua nyumba nzima.

Zuwena anaishi Leeds, mji wa baridi. Anaishi na Baba, na kaka yake Khatibu, na paka wao Mchuzi. Bibi naye amekuja kuwatembelea kutoka Pemba.

Zuwena anampenda Bibi. Anampenda sana, sana!

Lakini chumba cha Bibi kina baridi. Brrr!

Ukutani kuna redieta, chuma kirefu chenye mbavu. Maji ya moto yakipita ndani yake, chumba hupata joto.

Asubuhi hii Bibi aliigusa kwa juu. "Baridi tupu! Mie n'narudi zangu Pemba."

Zuwena akashtuka. Bibi arudi? Hata hajakaa!

"Mh! Mh! Hapa pana mwizi," akasema. "Nani kaiba joto la Bibi?"

Mchuzi alikuwa amejikunja kwenye kochi. Zuwena akampapasa tumbo. Lina joto!

"Mchuzi, umelila wewe? Fungua mdomo!"

Nyaaau! Mchuzi akapiga miayo. Mdomoni hamkuwa na joto la Bibi. Mlikuwa na harufu ya dagaa.

Zuwena akanyata hadi chumbani kwa Khatibu. Nya, nya, nya. Akagusa redieta yake. Aa! Moto!

"Kaka! Joto la Bibi umelileta huku!"

"Mie?" Khatibu akacheka. "Kila chumba kina redieta yake. Hebu niache nisome."

"Mh! Mh! Hapa pana mwizi. Nani kaiba joto la Bibi?"

Na nyinyi mnacheka? Msicheke. Wasiwasi ndio akili.

Zuwena akarudi kwa Bibi. Bibi alikuwa anakunja kanga zake na kuzitia begini. Moyo wa Zuwena ukauma.

Akakaa sakafuni. Akaigusa redieta kwa chini. Loo!

"Bibi, ina moto!"

"Ina baridi," akasema Bibi, mkono wake ukiwa juu.

"Ina moto!"

"Ina baridi!"

Zuwena akamtazama Bibi. Wazo baya likamjia. Labda Bibi haoni baridi. Labda Bibi ametuchoka tu.

"Bibi, unanidanganya? Hutaki kukaa nasi?"

Bibi akaiweka kanga chini. "Nikuchoke wewe, mjukuu wangu? Lete mkono."

Akaupandisha mkono wa Zuwena pole pole, kutoka chini kwenda juu. Moto. Moto. Vuguvugu. Baridi!

Kumbe wote wawili walisema kweli.

"Mh! Mh!" Safari hii alikuwa Bibi. "Mwizi yumo humu humu, huku juu."

Wakatega sikio. Glu, glu, glu.

"Babaaa! Mwizi yumo ndani ya redieta!"

Baba akaja mbio, mwiko mkononi. Akagusa chini. Akagusa juu.

"Ni hewa," akasema. "Imejibana huku juu. Maji ya moto hayapati nafasi ya kupanda."

"Hewa? Mh!" Zuwena hakuamini hata kidogo.

Baba akazima mtambo wa kupasha maji. Wakangoja redieta ipoe. Kisha Baba akaleta kitambaa na ufunguo mdogo.

"Kaa mbali, mwanangu."

Akafungua skrubu ya pembeni, kidogo tu.

Pssssssss!

"Anatoka!" Zuwena akaruka. "Mwizi anatoka!"

Pssss. Pss. Ps. To. To. To. Yakaja maji, na Baba akafunga upesi. Akaongeza maji kidogo kwenye mtambo, akauwasha tena.

Bibi akaweka mkono juu ya redieta. Zuwena naye akaweka wake. Baridi. Vuguvugu. Moto!

"Alhamdulillahi!" akasema Bibi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Usiku ulipofika, Zuwena akapanda kitandani kwa Bibi. Chumba kilikuwa na joto zuri. Lakini bado jambo moja lilimsumbua.

"Bibi, kesho utaondoka?"

"Niende wapi, nawe uko huku?" Bibi akamfunika vizuri. "N'likuwa naikimbia baridi. Wewe sikukimbii."

Zuwena akaamini. Akajisogeza ubavuni kwa Bibi, na Baba alipokuja kuzima taa akawakuta wote wawili wamelala.