Honi Chini ya Turubai

Mzee aliingia ofisini bila kubisha hodi, akavua kofia, akalisalimia koti la mvua.

Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. "Habari za asubuhi, afande," aliliambia kwa heshima zote.

Inspekta, mwanamke kijana aliyekuwa ameketi nyuma ya meza upande wa pili, akakohoa. "Niko huku, mzee wangu. Karibu kiti."

Mzee aligeuka haraka, akacheka kidogo. "Samahani, mwanangu. Mwenye msiba hata macho humpotea. Nimeibiwa gari."

Koplo aliinamia faili kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Hakuwa na miaka mingi katika upelelezi, lakini alikwisha kuona kwamba mtu aliyepoteza kitu huwachekesha watu kwanza, ndipo wakaona anavyoumia.

"Gari gani?"

"Pikapu nyekundu ya milango minne. Jana jioni niliiacha uani. Leo naamka, ua mtupu."

"Ufunguo?"

"Huu hapa. Hulala chini ya mto wangu." Aliuweka mezani, na kando yake akaweka rimoti nyeusi yenye kitufe kimoja. "Na hii ni ya kuwashia gari ukiwa mbali. Nimefungiwa majuzi tu, kwa ajili ya mke wangu. Anasafishwa damu hospitalini, na akitoka pale hutetemeka kama kifaranga kilicholoa. Nilimwahidi hatakalia tena kiti cha baridi. Basi nabonyeza, injini inawaka, hita inapasha, yeye anakuta kiti kina joto."

"Anarudi hospitali lini?"

"Kesho kutwa. Asipofika..." Alizungusha kofia mikononi.

Inspekta alivivuta vile vitu viwili upande wake. "Naomba nikae navyo kwa uchunguzi. Gari likipatikana nitalileta mwenyewe, na ufunguo nitautia mkononi mwako. Si mkononi mwa mtu mwingine."

"Ni ahadi?"

"Ni ahadi."

Mzee alipoondoka, Koplo alitikisa kichwa. "Afande, sisi husema 'tunaendelea na upelelezi'. Ndiyo maana hatuvunji ahadi."

Eneo la tukio lilikuwa ua mdogo uliofagiwa vizuri. Hapakuwa na vipande vya kioo wala komeo lililovunjwa. Geti lilikuwa limerudishwa na kufungwa kwa ndoano yake.

"Hukuligusa?" Inspekta alimuuliza mzee.

"Nimelikuta hivyo hivyo."

"Mwizi gani huyu," Koplo alinong'ona, "anayefunga geti ili kuku wasitoke?"

Inspekta alichuchumaa penye nguzo ya geti. Chokaa yake nyeupe ilikuwa na mikwaruzo ya rangi nyekundu, mingine mipya, mingine iliyopauka, yote kimo kimoja. Barazani, juu ya kiti, palikuwa na mto mdogo wa kukalia na shali ya sufi iliyokunjwa.

"Hivi hukaa wapi?"

"Garini," alijibu mzee. "Ni vya mke wangu."

Mke wake, ambaye kila mtu pale alimwita Mama, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwembamba, bandeji mkononi. "Nilivitoa jana jioni nivifue," alisema upesi.

Inspekta aliupiga mto kofi jepesi. Vumbi la barabarani likapaa. Alimtazama Mama, Mama akawatazama kuku.

Fundi umeme wa magari walimkuta amelala chali chini ya basi. Miguu tu ndiyo iliyokuwa nje.

"Mtu anaweza kuiba gari kwa rimoti hii tu?" Inspekta aliiuliza ile miguu.

"Akitokea, afande, namwajiri leo leo." Fundi alijivuta nje, uso umejaa grisi. "Rimoti inawasha, haiendeshi. Ukikanyaga breki bila ufunguo kwenye swichi, injini inazima papo hapo."

"Basi mwizi alikuwa na ufunguo. Na wa mzee ulilala chini ya mto wake."

Fundi alijikuna shingo. "Gari lile haliwaki mpaka lisome chipu iliyo ndani ya ufunguo wake. Rimoti haina chipu hiyo. Kwa hiyo nilichukua ufunguo wa pili nikauficha nyuma ya dashibodi, ili gari lidhani mwenyewe yumo ndani."

"Nani alijua umefichwa hapo?"

"Mimi, mzee na Mama. Mama alikaa garini kazi nzima, ananishikia tochi na kunikagua kama mwalimu mkuu."

"Wewe jana usiku ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, chini ya basi hili. Waulize abiria waliolala juu yangu. Wamenitukana mpaka kumekucha."

Inspekta alitabasamu, kisha akaitoa ile rimoti. "Mzee aliichaguaje?"

"Hapo ndipo aliponishinda. Nilimwonyesha aina tatu. Ya kwanza ina kioo kidogo kinachokuandikia kwamba injini imewaka. Akakataa. Ya pili ina taa, ya kijani imewaka, nyekundu imegoma. Akakataa. Akachukua hii ya bei ya chini, ambayo gari lenyewe linapiga honi likiwaka. Halafu akaniomba niirefushe ile honi! Nikamwambia, mzee, hii haifiki mbali. Wateja wote wanataka ya mbali. Akasema mbali hakumsaidii kitu. Yeye anataka asikie."

"Asikie," Inspekta alirudia.

Alikumbuka koti la mvua. Akakumbuka nguzo ya geti.

"Koplo, Mama anajua kuendesha?"

"Hajui, nimeuliza. Ila ana mdogo wake wa kiume anayeuza mbao kule chini. Huitwa Kasuku."

Jina lilimfaa. Kasuku alianza kuzungumza kabla hawajafika mlangoni, na hakutua. Aliwakaribisha, akailaumu serikali, akalaumu mchwa, akausifu mvule.

"Pikapu ya shemeji yako imeibwa," Inspekta alimkatiza.

"Nimesikia, dada! Nimeumia! Dunia imeharibika. Mimi pikapu ile sijaitia machoni tangu wakati wa mvua, na nikimshika huyo mwizi mtanifunga mimi, maana nitam—"

Inspekta alibonyeza kitufe.

Nyuma ya rundo la mbao, chini ya turubai, honi ililia, ndefu kuliko honi ya kawaida. Kisha injini ikaanza kunguruma polepole, na turubai likatetemeka kama mtu anayezuia kicheko.

Kasuku alifunga mdomo. Inasemekana hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo.

"Malizia," Inspekta alisema. "Utamfanya nini?"

"Dada." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Sikuiba. Nilitumwa. Ufunguo ungali kwenye swichi. Muulize dada yangu."

Mama alikuwa peke yake barazani akichambua mchele. Alipomwona Inspekta anaingia na ufunguo wa pili kiganjani, aliweka ungo chini.

"Kasuku amesema?"

"Honi ndiyo iliyosema."

"Mimi nilimwita. Mlango wa gari nilikwisha kuuacha wazi nilipotoa mto wangu. Nikamwelekeza ufunguo ulipo, naye akaliachia literemke mpaka barabarani bila kuliwasha, mume wangu asisikie. Na geti nimelifunga mimi." Alinyoosha mikono. "Kama ni pingu, leta. Ila huyu mkono una mshipa wa kusafishia damu, usiubane."

"Kwa nini, Mama?"

Mama alishusha mikono magotini.

"Mume wangu haoni, mwanangu. Hajawa kipofu, lakini dunia yake imekuwa moshi. Hajamwambia mtu. Anadhani sijui. Pale hospitalini anabonyeza kile kidude, gari linalia, naye analifuata kwa masikio. Watu wanasema, tazama mume anavyompenda mkewe, anampashia kiti joto. Na ni kweli ananipashia. Ila pia ndivyo anavyolipata gari lake."

"Ungemwambia aache."

"Nimwambieje? Ameendesha malori maisha yake yote. Siku niliyoanza matibabu aliapa hatanipeleka mtu mwingine." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Juzi tunarudi, mwendesha baiskeli alikuwa mbele yetu, amembeba mtoto nyuma. Mume wangu hakupunguza mwendo. Wakajitupa mtaroni. Akaniuliza, 'Nini hicho?' Nikageuka, nikaona mtoto anainuka, analia. Nikamwambia, 'Mbuzi.'"

Kuku mmoja alipanda ngazi akaanza kudonoa mchele. Hakuna aliyemfukuza.

"Nilimdanganya ili nisimuumize. Halafu nikaona ataua mtoto wa watu kwa ajili ya kunipeleka mimi nikapone. Nafsi gani ingekubali? Kwa hiyo nikaliiba." Alimshika Inspekta mkono. "Nakuomba neno moja tu. Mwambie halikupatikana. Atalia kama mtu aliyeibiwa. Hatalia kama mtu aliyekwisha."

Neno moja. Lilikuwa jepesi, na lilikuwa na huruma ndani yake. Inspekta alilipima.

"Nilimwahidi, Mama."

"Hata kama litamvunja?"

"Uongo wa kwanza ulikuwa mbuzi. Wa pili usiwe wangu."

Jioni hiyo Kasuku aliiingiza pikapu uani, Inspekta pembeni yake. Mzee aliusikia mngurumo kabla hajafika mlangoni. Alitoka mbio, akajikwaa, akasimama.

Inspekta aliuweka ufunguo mkononi mwake na kuvikunja vidole vyake juu yake. Kisha akampa rimoti.

"Umemkamata mwizi?"

"Ni mimi," Mama alisema nyuma yake. "Baba watoto, haikuwa mbuzi."

Mzee hakugeuka. Ngumi yake iliukaza ufunguo.

"Mtoto?" aliuliza mwishowe.

"Aliinuka."

Alikaa kwenye ngazi. Hata Kasuku alikuwa na adabu ya kunyamaza. Kisha mzee alinyoosha mkono gizani mwake.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Unajua kuendesha, au unajua kuongea tu?"

"Vyote kwa pamoja."

"Basi ukiwa na mke wangu garini, fanya kimoja."

Akampa ufunguo. Vidole vyake vilichelewa kuuachia.

Asubuhi ya siku ya hospitali, Inspekta alipita njia ile. Jaladani alikuwa ameandika kwamba gari limepatikana na mlalamikaji ameondoa malalamiko. Mkuu wa kituo alimgombeza, na bado angemgombeza tena.

Mzee alikuwa amesimama barazani na rimoti. Alibonyeza. Honi ikalia, injini ikawaka, naye akangoja hita ifanye kazi yake. Kisha akaufuata mlio, kiganja kikipapasa ubavu wa gari. Kilifika kwenye mlango wa dereva, kikatulia juu ya kitasa. Kasuku, ndani, alitazama mbele.

Mzee akauacha ule mlango. Akazunguka pua ya gari, akafungua upande wa pili, akautandaza mto, akaupapasa kwa kiganja kama mama anayepima paji la mtoto.

"Njoo," alimwita mkewe. "Kina joto."

Kisha akafungua mlango wa nyuma, akapanda kiti ambacho hakuwahi kukikalia.