Harufu ya Bulaya

Kwa Baba Yassine, fundi wa kushona wa Kamalondo mu Lubumbashi, magaribi ilikuwa namna ileile kila siku. Bantu banasali, banakula bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kisha courant, moto ya umeme, inakatika. Baba Yassine anasonya, anafunga simu ku kichwa ya mashine ili imulike sindano. Siku moja simu ilianguka, akashonea muntu mufuko ya suruali ku goti. Leo bijana bangesema ni modi, lakini yule muntu alikasirika sana. Tuache ile.

Njo yeye na jamaa yake bakaamua kutafuta moto ya jua. Pano, kile kioo ya kukula jua, ilikuwa tayari juu ya mabati. Regilatere, kale kasanduku kanapima moto ya kuingia, nako kalikuwako. Ilibakia batri. Ukitaka kusikia hii mambo muzuri, sema hivi: pano ni kinywa, regilatere ni koo, batri ni tumbo. Muchana kinywa inakula, tumbo inachunga, usiku nyumba inapata nguvu. Sasa tumbo ikioza, kinywa itafanya nini?

Mu magazini, mule banauzisha batri, Baba Yassine akaambia binti yake, "Ramla, weye njo unasomaka. Chagua."

Ramla alikuwa na miaka kumi na mbili, lakini kinywa yake ilikuwa ya muntu muzima. Alikuwa amekwisha kuambia binamu yake Chadia, "Kwetu tutawasha televizyo. Mutakuya kuomba nafasi ya kuikala chini!"

Muuzaji aliweka batri mbili mbele yao. Moja ndogo, mupya, ya kufungwa pande zote, ya kazi ya jua. Ingine kubwa, ya kutoka mu kamyo, gari ya mizigo.

"Hii kubwa ni okazyo ya Bulaya, mama mudogo," akaambia Ramla. "Mupya ya hapa haiwezi kushindana nayo."

Ule wimbo tunaujua bote mu Lubumbashi. Koti ya okazyo, ile bengine balivaa kwanza, friji ya okazyo, kama ilitoka Bulaya, hata ikiwa imechoka, tunasema iko nguvu. Ramla akainama aangalie. Fyuu! Harufu ikamupiga mu pua, kama yai ya kusahauliwa chini ya kuku. Na bifuniko ya ile batri ilikuwa majimaji.

"Inanuka," akasema polepole.

Muuzaji akacheka. "Ni harufu ya Bulaya! Nguo ya okazyo haina harufu yake?"

Kweli iko nayo. Lakini ile ya nguo ni ya dawa, na hii ilikuwa ya kuoza. Pua ya Ramla ilijua. Lakini mu kichwa yake televizyo ilikuwa inaimba tayari.

"Baba, tutwae hii kubwa."

Kwa kuogopa bezi basiiibe, bakaiweka chini ya kitanda ya nkambo Habiba, mama ya Baba Yassine, mwenye kifua ya kukohoa. Mwanzo ilikuwa sherehe. Chadia alikuya, akaikala chini mbele ya televizyo. Kisha harufu ikaanza. Iliingia mu mashuka, mu nguo bakiriya banaletea Baba Yassine ashone, mu bukari. Nkambo akasukuma sahani. "Hii bukari inanuka kama muntu amefia ndani," akasema, na kukohoa.

Ramla akachungulia chini ya kitanda. Batri ilikuwa imevimba kama chura ya kufa. Ku kichwa yake kulikuwa ukungu ya rangi ya majani, na maji ilikuwa inatoka pembeni. Akaipanguza na kitambaa. Asubui kitambaa ilikuwa matundu-matundu, kama mende imeila. Akaitupa mu choo, baba asiione.

Baba Yassine akatafuta kwenye harufu inatokea. Samaki ya kukauka, bakaitupa. Panya ya kufa, bakasukuma kabati, hakuna. Mwisho akasimama ku lupango, ku ukuta ya kwa jirani.

"Mama Musonda! Bata zako zinatuua na harufu!"

"Bata zangu?" jirani akajibu. "Yassine, bata zangu zinaoga kila siku. Weye uliogaka lini?"

Njia nzima ikacheka. Baba Yassine hakucheka. "Uziondoe, ama ninaenda kwa shefu wa avenue, mukubwa wa hii njia."

Sauti ya Mama Musonda ikashuka. "Utanishitaki juu ya bata? Zenyewe njo zinasomesha batoto bangu."

Mu nyumba nkambo akakohoa mupaka akatapika mu beseni. Ramla alishika ile beseni, na akasikia kama harufu yote inatoka mu kinywa yake mwenyewe.

"Baba!" akalia. "Haiko bata. Ni batri. Ilinuka tangu mu magazini. Nilijua, nikanyamaza."

Baba Yassine hakumupiga. Alitoa nkambo inje kwanza, akafungua madirisha, akakataza batoto basikaribie. Kisha akafunga plastiki ku mikono, akatoa ile kintu, akaiweka mu ndoo. Ku mwangaza wa jua ilikuwa mubaya zaidi: povu, na maji nyeusi kama ya mufereji.

Mama Musonda akafunga pua na kitenge. "Yesu wangu! Na mulikuwa munalala na hii maiti?"

Bakairudisha mu magazini. Muuzaji akaapa mbingu na inchi ya kwamba iko nzima. Baba Yassine akasukuma ndoo mbele yake.

"Nusa."

Muuzaji akageuza uso.

"Unakatala kunusa kintu uliuzisha bantu balale nayo?"

Bakiriya ba mu magazini bakaanza kutoka, mumoja mumoja. Muuzaji akaleta ile ndogo haraka.

Ile ndogo bakaiweka ku baraza, mu sanduku yenye matundu ya hewa. Inawasha lampi na simu, basi. Chadia akauliza, "Televizyo iko wapi?"

"Ilirudia Bulaya," Ramla akajibu.

Kisha yeye na baba yake bakaenda kuomba samahani kwa Mama Musonda. Yule mama akabacheka kwanza, akabapatia mayai ya bata. Mu nyumba, nkambo Habiba, kifua kimetulia kidogo, akapeana Ramla yai moja.

"Nusa kwanza," akasema.

Ramla akanusa. "Iko muzuri, nkambo."

"Na kama ilikuwa mubaya?"

"Ningesema."

"Basi kamata ile neno, mujukulu wangu. Pua yako ilisema kweli mu magazini, kinywa yako njo ilifunga mulango. Kintu ya kuoza ukiisema ku mulango, inabakia inje. Ukiinyamazia, utalala nayo."